Kuhusu Tumbo la Hermani, Ambalo Bima Imekataa Kulipasua Mara ya Pili

Gehandu, Hanang
Julai 1986

Kwa Ndugu Nicodemo, Mwenyekiti,
Kamati ya Bima ya Matibabu ya Wafanyakazi,
Shamba la Ngano.

Ndugu Mwenyekiti,

Marahaba. Najibu kabla hujaniamkia, kwa sababu barua yenu ilikuja bila shikamoo hata moja, na mimi na mama yako Tekla tulichota maji kisima kimoja kule Maretadu. Nikasema moyoni, labda mashine ya kuchapa ya ofisi imeharibika hapo penye shikamoo. Nimekusamehe, tuendelee.

Mimi ni Benedikta, mama yake Hermani, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, yule mnene. Nimesoma kisomo cha watu wazima tu, kwa hiyo nikikosea usiseme nina dharau. Mmekataa kulipia Hermani apasuliwe tumbo mara ya pili ili apungue. Mara ya kwanza alipasuliwa Kanada, Shamba lilipompeleka kusomea kombaini. Alinenepa huko mpaka pumzi ikawa inamkatikia, madaktari wakalishona tumbo likabaki kama ngumi ya mtoto, na bima ikalipa bila maneno. Akarudi amekonda hata mbwa wetu akambwekea. Baadaye akanenepa upya kuliko kwanza, na ninyi mnasema kosa ni letu. Nina malalamiko, nimeyapa namba kama mwalimu alivyotufundisha.

1. Mnasema mgonjwa hakufuata masharti ya chakula. Ndugu Mwenyekiti, nilisimamia mwenyewe. Karatasi ya daktari ilisema ale vitu vya majimaji tu. Hermani alinisomea, nikamwambia arudie, akarudia. Tangu siku hiyo hakuna punje ngumu iliyopita kooni mwake. Alikunywa maziwa. Alikunywa uji wa ulezi wenye siagi. Alikunywa supu ya kondoo, niliichuja kwa kitambaa kipya nyama isije ikaponyoka. Alikunywa asali, na samli ya kuyeyushwa, na mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo yakiwa ya moto ni maji kabisa, njoo uone. Siku moja aliomba ugali, nikamnyima huku nalia. Ni mgonjwa gani mwingine wa bima yenu amefuata masharti namna hiyo?

2. Mnasema majimaji yalikuwa ya wiki chache tu, sisi tukazidisha. Hapo mmesahau mlikotoka. Mtu aliyepasuliwa tumbo ni mzazi, hata kama hakutoka na mtoto. Na mzazi kwetu anakaa ndani mpaka miezi mitatu iishe, asipigwe na upepo, anywe maziwa na mafuta mpaka damu irudi. Nilimlaza Hermani chumba cha ndani karibu na moto, nikamfunika vizuri. Wanawake wakaja na vibuyu wakiimba. Jirani yangu Kornelia akachungulia kitandani akauliza, sasa mtoto yuko wapi? Nikamwambia amebaki Kanada, wewe lete maziwa. Hermani na ndevu zake akaona aibu, akageukia ukutani, lakini alikunywa. Mama yako alitunzwa hivyohivyo ulipozaliwa wewe. Alipotoka ndani alipita mlangoni kwa ubavu, na hakuna kamati iliyomwandikia barua.

3. Mnasema bima hulipa upasuaji huo mara moja tu kwa mtu mmoja. Mbona kombaini inafunguliwa tumbo kila msimu, na vipuri vyake vinakuja kwa ndege? Mwaka juzi ilimeza jiwe, ikatengenezwa. Mwaka jana ikameza jembe la mtu, ikatengenezwa tena, na fundi akaipapasa ubavuni akiiambia pole mama. Hakuna aliyeiuliza ilikuwa inakula nini. Kama utaratibu ndio huo, naomba Hermani ahamishiwe upande wa mitambo.

4. Mmeweka sharti kwamba, ili mfikirie hiyo mara ya pili, kwanza Hermani ahamie kota za Shamba na mkewe Letisia, ale chakula kidogo cha kupimwa mpaka wakati wa mavuno, na mimi nisipeleke kitu chochote, hata maziwa ya chai. Wamehama tangu Pasaka. Sijamwona akila tangu Pasaka. Sasa angalieni hesabu yenu. Akipungua, mtasema hana haja ya kupasuliwa. Asipopungua, mtasema hana nidhamu, hastahili kupasuliwa. Nimemuuliza katekista Joakimu, maana yeye amesoma. Akafikiri sana, akaniambia, mama, hata mbinguni kuna angalau mlango mmoja unaofunguka.

5. Mnasema mtu lazima ajifunze kushiba. Neno hili nilimsomea Gidabuday, mfugaji, rafiki wa familia, ambaye naye alileta kibuyu na kondoo Hermani alipokuwa mzazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, hilo Shamba lenyewe lilianza dogo, likala malisho, likala njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji, likala mpaka pale tulipomzika baba, na kila mwaka linaongezewa trekta. Nani amelipeleka likashonwe tumbo? Mimi sisemi, amesema yeye, na ameniomba niandike jina lake vizuri. Ila nimefikiri, daktari akija basi aje na nyuzi za kutosha. Aanze na Hermani kwa sababu ni mdogo.

6. Hili la sita sicheki. Hermani akilala, pumzi inasimama. Inasimama kabisa, unaanza kumtaja Bikira Maria, kisha inarudi kwa kishindo kama trekta la kusukumwa. Na kwa kuwa usingizi wake si usingizi, analala mchana popote alipo. Mavuno ya mwaka jana alilala juu ya kombaini inatembea. Ikatoka kwenye ngano, ikavuka mpaka, ikaingia kwa mzee Akonaay, ikavuna maharage yake mstari kwa mstari. Akonaay alisema kazi yenyewe ilikuwa safi, tatizo ni kwamba hakuiomba. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, maana pembeni mwa ngano kuna watoto wanaookota masuke. Msimamizi akamshusha, akampa kazi ya kukaa mlangoni mwa ghala, na akasema pumzi hiyo isipopona hapandi tena kombaini. Na Hermani bila kombaini ni kama mtu aliyefiwa. Lakini hata hilo la kazi naliweka pembeni. Baba yake alikuwa mnene vilevile, anakoroma vilevile. Asubuhi moja niliamka, nikawasha moto, nikamwekea chai, nikamwita. Ile chai ilipoa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba bima ikubali Hermani apasuliwe tena. Mkiona kosa ni la mkono wangu, basi bima ilipie mkono wangu utibiwe, maana ndio unaougua, yeye anaugua matokeo. Mkiona haitoshi, mlipeni Kornelia na wanawake wote wa Gehandu wabaki na maziwa yao nyumbani, na Gidabuday alipiwe kondoo wake asizidi kuwachinja kwa upendo. Na kama hilo nalo halimo katika sheria zenu, tungeni nyingine, kwamba katika wilaya hii mama akipita karibu na mwanae aliyekonda afungwe kitambaa machoni na aongozwe na askari mpaka avuke. Sioni njia nyingine. Tumezaliwa hivyo.

Msalimie mama yako Tekla, mwambie mguu wangu umepona na bado nina kapu lake. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata yule aliyeandika neno "uzembe" kwa wino mwekundu. Msalimie dada anayechapa barua, naona anagonga kwa nguvu, anakula vizuri. Askari wa getini apokee salamu pia, aliniruhusu kukaa kivulini. Hapa nyumbani wote wazima, ila mimi na wasiwasi wangu, ambao nao mzima.

Nakaa nasubiri, kalamu nimeiweka chini,

Benedikta, mama yake Hermani.

Nyongeza. Barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua. Jumapili hii nilipotoka misa nilipita kota kumwona Hermani. Sikubeba kitu, mashahidi ninao. Letisia alinikaribisha kwa sahani ya mboga, na nilipouliza chakula kiko wapi akasema mama, ndicho hicho. Hermani amepungua. Suruali ameifunga kwa kamba, na msimamizi amemrudisha kwenye kombaini tangu Alhamisi, kibanda cha dereva kinafungwa mlango bila kusukumwa na mtu. Alikuwa amejilaza baada ya kula. Nikakaa karibu, nikainama nimsikilize. Pumzi inaingia, inatoka, polepole, haisimami, haina kishindo, kama hakuna mtu. Nikamwamsha nione kama yu hai. Akaniamkia, akalala tena. Nikamwamsha tena. Akasema, mama, niache nilale. Letisia anasema hiyo ndiyo afya, na kwamba habari ya kupasuliwa tuiache, haina kazi tena. Ndugu Mwenyekiti, nakuandikia kama mzazi kwa mtoto wa Tekla. Mtoto amekonda, amenyamaza, na hataki kuamka. Mpasueni haraka, arudi nyumbani nimtunze.