Waya wa Tanuru la Pili

Jumatatu, 26 Februari
Mwalimu Toyofuku anastaafu mwezi ujao. Nafasi ya kubaki maabara ni moja, na tunaoitaka ni wawili. Mimi, mwenye miaka sita hapa Nagoya, na Kuramochi, niliyemfundisha mwenyewe hata kuwasha tanuru. Eti Mwalimu anasema binti huyo ana mikono iliyotulia. Mikono! Yangu je, ni kwato?

Jumatano, 28 Februari
Nimepata dawa yake. Utando wa nusu-kipitishi, huu tunaoutafutia taa ya buluu, unadeka kuliko mtoto wa mwisho: joto la kuuotesha likibadilika kidogo tu, unatoka na ukungu, na hata ukiupa umeme hauwaki. Kuramochi alipokwenda kula, nikausogeza waya wa kipimajoto cha tanuru lake, lile la pili, karibu na moto. Kipimo kitamwonyesha joto lilelile la kila siku, kumbe ndani kumepoa. Nikaenda kula tambi zangu. Tamu sana leo.

Ijumaa, 1 Machi
Msiba! Utando wake umetoka mwangavu kama kioo. Umewaka buluu, Mwalimu akavua miwani akafuta machozi. Anasema ameusubiri miaka thelathini. Ameagiza urudiwe mbele ya wageni, na tanuru likaguliwe kwanza. Nimeuwahi waya nikaurudisha mahali pake kabla ya wakaguzi.

Jumanne, 12 Machi
Kila akirudia, ukungu. Wageni wamemaliza chai yao wakaaga kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mwalimu amemuuliza mbele yetu sote kama namba za joto alizoandika siku ile alizitunga.

"Niliandika nilichokiona, Mwalimu," akasema.

Baadaye akanifuata mimi. "Kaka Shiraki, tanuru hili ulinifundisha wewe. Nimekosea wapi?"

Nikamshauri apumzike. Amekonda, maskini. Nilimwonea huruma mpaka nilipofika kwenye ngazi.

Ijumaa, 29 Machi
Kuramochi ameondoka. Jina lake limeshachafuka, hakuna maabara itakayompokea. Kama ilivyo desturi ya anayeaga, ameacha keki ndogo juu ya kila meza. Mimi kaniwekea mbili, na neno la shukrani kwa kumlea. Nimezila zote. Mwalimu naye kaondoka bila kumuaga mtu, ule utando mmoja uliowaka kautia mfukoni.

Nafasi ni yangu. Na siri ni yangu: mtego wangu ndio uliouwasha utando ule! Nitausogeza waya, nitavumbua, nitapigiwa makofi. Nimejaribu tangu asubuhi: mbele, nyuma, mbele tena. Ukungu mtupu. Hivi siku ile niliusogeza kiasi gani?

Jumatatu, 1 Aprili
Tumeletewa mtafiti mpya, Hirukawa. Kapewa tanuru la pili, lile la Kuramochi. Mkuu mpya wa maabara kamtazama akifanya kazi, akasema ana mikono iliyotulia.

Alipokwenda kula, nimeusogeza waya. Kiasi gani, sijui. Nilikuwa na haraka.