Nilivyomnawisha Mikono Anko Hezron

Jamaa zangu wa timu, leo sina pa kuweka uso.

Nawaandikia kwa sababu kesho siji mazoezini. Si mgonjwa. Miguu ni mizima. Ni uso tu umekataa kutoka nje. Onyango atawasomea barua hii mimi nikiwa nimejifungia ndani hapa Jericho, na nawaomba mkae chini kwanza.

Mnamjua Rose wangu. Mnajua pia babake alifariki zamani, na mahali pake anasimama Anko Hezron, yule aliyekulia Makongeni, akapata tenda za kuuzia maofisi karatasi, akahamia Lavington kwa matajiri, na tangu siku hiyo Makongeni anaiita "huko". Anko akikataa, hakuna posa. Akikubali, wazee wangu wanapanda basi kutoka Kakamega mwezi ujao. Nampenda Rose, niseme wazi. Kwa hivyo Anko alipotuma neno kwamba atanitazama Jumamosi jioni kwenye baa ya hoteli moja kule Westlands, aone kama najua kukaa na watu, usingizi ulinihama.

Nyinyi mkanishauri. Kamau alinifunga tai siku ya Alhamisi, na sikuthubutu kuifungua (ndiyo, nimelala nayo). Otieno akaniazima koti lenye mabega mapana kuliko mlango wetu. Na Onyango akasema nisiongee sana, nimwangalie mzee tu, nisimwache anishinde kwa adabu. Onyango, huo ushauri wako tutauzungumza siku nyingine.

Saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni. Jamani, ile ni baa? Kaunta haina vyuma vya kuzuia wezi kama za kwetu. Hakuna muziki wa kupasua masikio. Watu wananong'ona kama wamekuja kumwona mgonjwa. Na pombe ni jin, jin, halafu jin, imepangwa ukutani na kumulikwa taa moja moja. Nilitafuta kiti kigumu nikakosa. Nikakaa kwenye kimoja laini, kikanimeza mpaka magoti yakawa sawa na kidevu.

Rose alikuwa ameshafika, mrembo mpaka nikasahau jina langu. Anti Mildred, mke wa Anko, alinisalimia kwa vidole viwili. Anko mwenyewe alikuwa ameweka simu ya mkononi juu ya meza, kubwa kama tofali, ili kila anayepita aione. (Haikulia hata mara moja. Nilikuwa naiangalia.) Akaanza kutueleza habari za jin. Kwamba alipoenda London kwa wiki mbili aliizoea. Kwamba watu wa huko kwetu wanakunywa ili walewe, lakini wa London wanakunywa ili waonje. Nikaitikia kila sentensi. Shingo iliniuma.

Weita alipokuja, Anko akamwambia alete ile ya kawaida. Weita akauliza kwa heshima, ya kawaida ni ipi. Anko akakohoa, akachukua karatasi ya orodha, akaiweka mbali na macho, akaiweka karibu, kisha akagonga mstari mmoja kwa kidole. Hiyo, ya meza nzima. Na kuku wa kuchoma. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nani angeshtuka? Nilikuwa napiga hesabu moja tu: kuku ameagizwa, kwa hivyo maji ya kunawa yanakuja.

Na kweli yakaja. Angalau hivyo ndivyo nilivyoona. Weita alileta bakuli kubwa la kioo, limejaa maji safi yenye barafu, vipande vya ndimu na majani ya nanaa yanaelea juu. Kando yake akaweka kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Akasema karibuni, anakuja na vile vingine, akaondoka.

 Mimi nikamwangalia Anko. Anko akaangalia bakuli. Anti Mildred akaangalia dari. Hakuna aliyegusa kitu.

Hebu nisaidieni kufikiri, mniambie nilikosea wapi. Kuku yuko njiani. Bakuli la maji hili hapa. Kitambaa cha kupangusia kipo. Sabuni haipo, lakini mimi nafanya kazi kiwanda cha sabuni, na nusu ya sabuni tunazopakia zinanuka ndimu. Nikajiambia, matajiri wameondoa sabuni wakabakisha ndimu yenyewe. Na kwenye meza ile mdogo wa kiume alikuwa ni mimi. Kwetu, mdogo ndiye huwanawisha wakubwa. Kama ningebaki nimekaa, Anko angesema nimelelewa na ukuta.

Nikasimama. Nikatundika kitambaa mkononi, nikainua bakuli kwa mikono miwili (zito lile, msione), nikazunguka mpaka kwa Anko, nikainama.

"Karibu unawe, mzee."

Anko alinitazama. Akalitazama bakuli. Niliona wasiwasi ukipita usoni mwake, nikadhani ni mimi nimeinama vibaya. Kisha akatabasamu.

"Huyu kijana amefunzwa," akamwambia mkewe.

Akatumbukiza mikono yote miwili. Si kidogo. Alisugua katikati ya vidole, akaizungusha pete, akanawa mpaka kwenye saa. Nikampa kitambaa. Moyoni nilikuwa nimeshaoa. Nikaenda kwa Anti Mildred, aliyekuwa ametoka kujishikashika nywele zenye mafuta. Akanawa taratibu, mafuta yakatanda juu ya maji. Rose alichovya ncha za vidole tu. Akavinusa. Akanikazia macho. Akanikanyaga mguu mara mbili.

Nilidhani ni mapenzi.

Nikaketi, nikakunja mikono ya koti la Otieno, na mimi nikanawa. Mnaijua mikono yangu. Ile grisi ya mashine hutoka kwa kubembelezwa. Sasa huku ilitoka upesi ajabu! Nikasugua mpaka viwiko. Nikasema moyoni, maji ya Westlands yana nguvu.

Weita akarudi. Sinia lake lilikuwa na glasi nne na upawa mrefu wa kuchotea. Akanikuta nikijipangusa. Akalitazama bakuli, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Samahani, mmeshaanza?" akauliza polepole. "Kokteli yenyewe ya jin ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeenda kuleta glasi."

Wazee, kuna joto huanzia kisogoni likashuka mpaka kwenye soksi. Mimi nilikuwa tayari kukiri. Lakini Anko, mtu wa London, akainua kidevu.

"Ndiyo tumeanza," akasema. "Mimina."

Weita akasita. Anko akarudia, mimina. Akatumiminia. Kwenye glasi yangu kulikuwa na duara dogo la mafuta linang'aa. Anko akainua yake, ikabidi na sisi tuinue. Tukanywa. Sitawaficha: nilisikia ndimu, nikasikia nanaa, halafu nikasikia zamu yangu yote ya wiki. Anti Mildred alifumba macho akameza kama anakunywa dawa ya minyoo. Anko alizungusha mdomoni, akasema jin nzuri hujulikana kwa ile ladha ya mwisho.

Rose ndiye aliyeshindwa. Aliweka glasi chini.

"Anko, tumenawa ndani ya hiki kitu. Sisi wote. Wewe ndiye ulianza."

Hakupiga kelele, lakini mahali pale watu wananong'ona, nimewaambia. Mama wa meza ya pili aliyevaa lulu akatema kinywaji chake mwenyewe, kisafi kabisa. Wanaume wa kaunta wakageuka wote. Mmoja alicheka mpaka akashikilia ukuta. Anko akaninyooshea kidole, akatangaza kwa sauti kwamba ni huyu kijana, ndivyo walivyo wa huko, hawajui kitu. Nami kiti kilikuwa kimenimeza, hata kusimama nikimbie sikuweza.

Weita alikuwa bado anampangusia Anko meza.

"Usijali, mzee," akamwambia. "Hata mimi natoka huko. Wewe si Hezron wa Mama Hezron wa maandazi, pale Makongeni? Mamangu anakuulizia kila siku."

Anko alibadilika rangi. Akainuka, akanivuta koti hadi kwenye kijia cha chooni, alikokuwa anaenda kunawa, safari hii kwa sabuni. Nikajua Rose nimempoteza. Nilikuwa karibu kulia, na sioni haya kusema.

"Ongea na huyo weita," akaninong'oneza. "Nyinyi mnaelewana. Lete wazee wako mwezi ujao, nitawapokea. Lakini hii maneno ikifika Makongeni, Rose umsahau."

Nikaenda kwa weita, nikamsihi kama ndugu. Akasema atanyamaza, bora aalikwe harusi. Nikamwalika. Nikarudi mezani, nikala kuku kwa uma na kisu, mikono mbali. Wakati wa kutoka, Rose alinishika mkono, akaunusa, akacheka mpaka machozi, akasema atakubali nimwoe hivyo hivyo.

Basi Anko hatasema. Mkewe hatasema. Rose hatasema, na weita ameapa. Mimi pia nimeapa sitamwambia mtu, na ndiyo maana nimewaandikia nyinyi kumi na wanne tu. Onyango, soma kwa sauti ya chini, kisha uchome karatasi. Wengine, nawaomba msicheke. Mkishindwa, fungeni madirisha ya chumba cha kubadilishia nguo kwanza, kwa sababu kutoka hapo uwanjani hadi Makongeni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Otieno ana baiskeli.