Namba Moja kwenye Foleni ya Chanjo

Jumatatu, 4 Machi
Nesi wa zahanati kabandika tangazo: chanjo mpya ya kifua inaanza Jumamosi. Atakayetangulia atapigwa picha iwekwe mlangoni, wengine wapate moyo. Picha! Miaka kumi na mbili nashona viatu mbele ya mlango ule, hakuna aliyewahi kuitaka sura yangu. Tatizo ni Mkunjo, jirani yangu mpiga pasi. Bwana huyu huamka kabla ya jogoo. Foleni yoyote, yeye wa kwanza, na mtaa mzima utajua. Safari hii atanikoma.

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake nimeipata. Nimempelekea suruali, nikamnong'oneza kwamba chanjo hiyo inalegeza mikono. Si sana. Kidogo tu, kwa wanaoshika vitu vya moto. Akauliza nimesikia kwa nani. Kwa mtu wa ndani, nikasema. Akaitazama pasi yake kama mtu anayeaga. Nimecheka peke yangu hadi gundi ikakauka kwenye brashi.

Jumatano, 6 Machi
Maneno yana miguu! Muuza mboga kaniambia vidole vinakufa ganzi. Mwalimu aliyeleta viatu vya mwanawe kasema kuna mtu ng'ambo ya mto hawezi tena kushika kijiko. Nikamuuliza kama amemwona. Hapana, ila aliyemwambia ni mtu mzima, hawezi kusema uongo. Nikajivuna. Siku moja tu, tena bila kipaza sauti.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mama mkwe kagoma. Ana kifua kibovu; mwaka jana alilazwa siku tisa, mke wangu akilala sakafuni kando ya kitanda chake. Leo kasema hachanjwi ng'o: yeye anafuma vitambaa, na mikono ndiyo mali yake pekee. Mke wangu kalia. Halafu akafuta machozi akasema, "Ningemjua aliyeanzisha upuuzi huu, ningemshona mdomo kwa shazia lako." Nikasema kweli, watu wengine hawana haya. Chakula hakikupita kooni. (Kilipita baadaye.)

Ijumaa, 8 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimeanzisha uvumi wa pili: chanjo inaotesha nywele kwenye upara. Wenye upara wamecheka. Wenye nywele wameuliza, kitu kizuri hivyo kinatolewaje bure? Sasa wanaogopa maradufu.
Jioni dereva mmoja, mteja wangu, kanishauri kama ndugu nisithubutu kuchanjwa. Eti mafundi viatu ndio wanaotetemeka zaidi, hata kutunga uzi hawawezi. Mafundi viatu! Hilo mimi sikulisema. Na kama sikulisema mimi, basi lina ukweli! Nimejaribu kutunga uzi mara tatu. Mara ya pili nilikosa.

Jumamosi, 9 Machi
Sikwenda. Nimejibanza kibandani nikichungulia. Zahanati tupu, nesi kasimama mlangoni, mikono kiunoni, watu wanamtazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mara akatokea Mkunjo, shati limenyooka kama karatasi. Akamuuliza nesi mbele ya watu wote: je, mikono yangu italegea? Nilitamani buti nililokuwa nashona linimeze.
Nesi hakumcheka. "Mkono utauma, kaka yangu, na pengine utapata homa ya siku moja. Kulegea sijaona, na nilikotoka nimechanja mamia. Wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi."
Mkunjo akapandisha mkono wa shati. Mikunjo mitatu, sawasawa. Picha ikapigwa.

Jumapili, 10 Machi
Mkunjo kaja kwetu bila kualikwa. Mama mkwe kamkagua vidole kimoja kimoja kama anayechagua bamia. Akauliza iliuma? Mkunjo akakiri iliuma, hakuweza kulalia upande ule. Ila asubuhi kanyoosha mashati kumi na manane. Mama mkwe akamwamuru ambane mkono kwa nguvu zote. Akambana, mama mkwe akapiga yowe. Akasema basi, kesho twende.
Mke wangu akamuuliza Mkunjo zile habari alizisikia kwa nani. Akanitazama. Akasema amemsahau. Amemsahau! Uungwana wa namna hii unaudhi mno. Mke wangu naye kanitazama. Muda mrefu.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe kachanjwa, nusu ya mtaa nyuma yake. Mimi nimekuwa wa thelathini na nane. Nesi akauliza kama naogopa. Mimi? Nilimwomba tu ahesabu vidole vyangu, kabla na baada.

Jumatano, 13 Machi
Nimetafakari. Bila uvumi wangu, nani angeuliza swali? Bila swali, nani angejibiwa? Kwa kifupi, nimeuelimisha mtaa, na sijasikia asante. Sasa nesi anatafuta mtu wa kuaminika wa kumsaidia kuzungumza na watu, atapewa fulana na kofia. Kila mdomo unamtaja Mkunjo. Mkunjo! Kofia ile ingenikaa mimi.
Nimemweleza mama mkwe peke yake, kwa siri kabisa, kwamba kofia hizo zikivaliwa sana zinaleta uziwi. Ameshavaa viatu. Anatoka.