Mtihani wa Baiolojia na Sampuli K

Jamani, leo nimepatikana! Bado natetemeka, kwa hiyo makosa ya kuandika mnisamehe.

Wengi mnanijua. Ketty wa kambi ya polisi Naguru, mke wa konstebo, mfagiaji wa wodi. Nataka kuwa nesi. Chuo kimeniambia wazi: bila kufaulu baiolojia, usirudi hapa. Na darasa la baiolojia sijawahi kukaa hata siku moja. Nimejisomea mwenyewe mwaka mzima, vitabu vya kuazima na karatasi za mitihani ya zamani, huku maharage yakiungua jikoni. Moyo, figo, maua, vyote nimekariri. Niulizeni!

Leo ilikuwa zamu ya mtihani wa vitendo. Maabara sikuwahi kuingia (mlango niliusukuma weee, kumbe unavutwa). Nikaketi katikati ya watoto wenye sare. Pembeni yangu Akello, binti wa jirani pale kambini.

"Auntie, na wewe?"

"Na mimi."

Mbele yangu kulikuwa na sahani. Juu yake pera moja limeiva, linanukia, na nyanya. Kando, glasi ya maji.

Sasa nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Kampala hii nimekaa semina ngapi? Za kanisa, za wake wa polisi, mpaka za kunawa mikono. Zote ukikaa tu unakuta cha kutafuna. Asubuhi nilishindwa kumeza hata chai kwa woga. Na mama yangu kule Gulu alinifundisha kwamba ukiwekewa chakula ukakikataa, umemtukana mwenyeji.

Tena kando ya pera palikuwa na kikaratasi chenye herufi K. Naitwa Ketty. Nikasema, eh, watu hawa wamejipanga! (Ndiyo, kila meza ilikuwa na K. Sikuangalia.)

Nikala. Lote, na mbegu zake. Nikashushia na maji. Nyanya niliiacha kwa sababu sikuona chumvi.

Akello akanitolea macho. Nikadhani ananishangaa kwa kula bila kunawa.

Ndipo tukaambiwa tufungue karatasi. Swali la kwanza: "Umepewa sampuli K. Ichunguze..."

Mungu wangu! Sentensi hiyo nimeisoma mara mia! Lakini mimi nilijua sampuli ni kitu kinachoelea kwenye chupa ya dawa. Nani aliniambia sampuli ni pera? Nikatazama sahani. Nyanya peke yake. Unesi wangu wote ulikuwa tumboni.

Nikanyoosha mkono. Madam wa maabara akaja.

"Nnyabo, mama, sampuli K yako iko wapi?"

Nikanong'ona, "Madam, nimekula."

"Umekula nini?"

"K."

Akaiinua sahani. Kisha kwa sauti ya kufukuza kuku: "Banange! Umekula mtihani?"

Watoto wakalala mezani kwa kicheko. Madam akaitazama glasi.

"Na maji?"

"Pia."

"Hayo ni ya kuoshea sampuli!"

Machozi yakanilenga. Nikamwambia, "Madam, nihurumie. Nataka kuwa nesi." Akaenda kabatini, akarudi na pera la akiba, la mwisho. Akaliweka mbele yangu, akavuta stuli, akaketi palepale analilinda. Mume wangu ni polisi, lakini ulinzi wa namna ile sijawahi kuuona.

Nikachora. Nikapasua. Nikahesabu mbegu. Nikafika swali la mwisho: "Eleza sifa zinazofanya tunda hili livutie walaji."

Akello akaanza kukohoa. Madam akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Jamani, msinicheke. Swali hilo nimejaza ukurasa mzima, na sampuli sikuitazama hata mara moja.