Madai Rasmi Dhidi ya Makopo ya Bibi Yasiyo na Majina

Kwa Bibi,
Mwenye Funguo za Kabati la Dawa,
Chumba cha pili kutoka changu.

Shikamoo Bibi.

Nadai, na niko tayari kulitetea hili mbele ya yeyote, kwamba asiyejua jina la kemikali iliyomo ndani ya jani hana ruhusa ya kumtibu mtu kwa jani hilo. Mimi nimesomea kemia ya mimea miaka minne. Wewe umesomea jikoni. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi cherehani alipokuja ameshika shavu, nilianza kumweleza kuwa karafuu ina yujenoli, ambayo hutia ganzi neva. Kabla sijafika kwenye neva, ulikuwa umeshamtia karafuu mdomoni. Mgonjwa alipata nafuu bila elimu yoyote.

2. Nilipopinga, ulinijibu mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Mume wangu, hiyo yujenoli ukishaitaja, jino linaacha kuuma?" Muuza mkaa alicheka mpaka kikohozi chake kikarudi. Hayo nayahesabu kuwa madhara ya tiba yako.

3. Msumari unaobeba shahada yangu umeutundikia pia fungu la mchaichai. Wageni husifu harufu.

4. Juzi nilijitolea kubandika majina ya kisayansi kwenye makopo yako yote ishirini na moja. Hukushukuru. Ulivua miwani, ukanusa kopo mojamoja, ukaguna. Kuguna si hoja, Bibi.

Kwa hiyo, tiba zote zisimame hadi ufanye mtihani nitakaoutunga na kuusahihisha mwenyewe. Ukikataa, nitalifikisha suala hili kwa mwanao, yaani Mama. Nataka jibu la hadharani, Jumamosi asubuhi, ukiwa umesimama mbele ya benchi, wagonjwa wote wakisikia.

Wasalimu wote waliomo humu ndani, ambao nitaonana nao mezani.

Wako mtiifu, isipokuwa katika sayansi,
Mjukuu wako Mwenye Shahada.

Nyongeza, siku mbili baadaye: Barua imechelewa. Kikohozi kilinibana, nikakoroga vijiko viwili kutoka kopo nililolibandika mwenyewe "Jinjeroli". Haikuwa tangawizi. Ilikuwa mshubiri, ambao aloini yake, nathibitisha sasa kwa uzoefu, hufungua tumbo kwa kasi ambayo vitabu havikunitajia. Ulinusa kikombe mara moja tu, ukaniletea maji ya chumvi na sukari, na benchi ukaliambia: "Leo hatoki, mume wangu yuko kwenye utafiti."

Karatasi zote nimezibandua. Lile jibu la hadharani, Bibi, nakuomba usilitoe.