Gari Lililokosa Pumzi

Jumatatu, 3 Machi

Nina gari! La mtumba, ndiyo, lakini lina milango yote. Mwalimu mstaafu aliyeniuzia alitokwa na machozi akinikabidhi funguo. Nilidhani ni uchungu. Kuna taa ya njano yenye umbo la injini, inawaka mbele ya usukani. Alisema inanijulisha tu kwamba injini ipo. Jambo la maana kulijua.

Mama mkwe anapasuliwa jicho Jumamosi, katika hospitali ya kule mlimani. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gari jeupe analolipangusa kila akishuka, alikwisha kutangaza kwamba yeye ndiye atakayempeleka mama yake. Nikamwahi. Nilimwambia mama viti vyangu vinalala kama kitanda. Havilali. Nitajua la kufanya.

Jumanne, 4 Machi

Nimewatembeza mjini mama mkwe, mke wangu na shemeji. Gari linabugia petroli bila haya. Nyuma moshi mweusi. Tuliposimama kwenye taa za barabarani, ikaingia harufu ya yai viza! Kila mtu akamtazama mwenzake. Mama mkwe akauliza, kwa upole wake, kama kuna mtu tumbo linamsumbua. Nilimwangalia tu shemeji kwa huruma. Akakana kwa sauti kubwa mno, akajimaliza mwenyewe.

Siku njema sana.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi. Alichomeka kimashine chini ya usukani, akatafuna karanga, akasema tatizo ni sensa. Nikamweleza kwamba sensa tulishahesabiwa, nyumba nzima. Akaacha kutafuna. Kumbe ni sensa ya oksijeni! Kidude kinachokaa kwenye bomba la moshi, kinanusa moshi na kuiarifu injini imwage petroli kiasi gani. Kikifa, injini inamwaga ovyo.

Angenifungia mpya leo hii. Lakini nani alikuwa benchi la karakana, akisubiri kubadilishiwa oili? Shemeji. Masikio wima. Nikasema kwa sauti kwamba nilijua tangu mwanzo na kazi hiyo naifanya mwenyewe.

Njiani nikapata akili. Gari linakosa oksijeni. Nani anatengeneza oksijeni? Mimea! Nimepakia vyungu vyote vya maua vya mke wangu, buti na kiti cha nyuma, nikazunguka mtaa. Taa bado inawaka. Mke wangu ameuliza maua yako wapi. Nimesema yametoka kidogo.

Hanisemeshi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua sensa mpya. Nimepiga jeki, nimeingia chini. Ya zamani imeshikwa na kutu, haigeuki! Nikapulizia dawa ya kutu, ikaniingia jichoni. Nikarefusha spana kwa kipande cha bomba, nikavuta, nikapiga yowe. Shemeji akapita, akaona miguu yangu tu, akakimbia kuutangazia mtaa kwamba gari limenilalia.

Wakaja wote! Kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu, fundi cherehani, wapangaji wa ghorofani. Wakaliinua gari mikononi. Mke wangu analia akiita jina langu (kwa hiyo kanisamehe maua). Mimi huku chini nikaona nafasi imeongezeka, nikavuta kwa nguvu zote. Ikatoka kama jino! Nikawaomba wasilishushe kwanza, nafunga mpya. Maneno aliyonitolea kinyozi siyaandiki hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Taa inawaka.

Nimerudi kwa fundi kwa mlango wa nyuma. Kumbe sensa ziko mbili! Moja karibu na injini, nyingine nyuma zaidi kwenye bomba. Ya karibu na injini ndiyo mbovu. Nimeng'oa nzima. Fundi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Bahati, zinafanana. Akairudisha ile nzima mahali pake, mpya akaifunga panapotakiwa, akafuta kumbukumbu ya injini kwa kimashine chake. Taa ikazimika! Harufu hakuna, moshi hakuna. Nilimsimamia vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempeleka mimi! Shemeji alitufuata nyuma na gari tupu, eti kwa usalama. Mlima wote tumeupanda bila kukohoa. Mama mkwe hakuuliza habari ya viti. Tulipokaribia juu, akasema taratibu, "Mwanangu, Jumanne haikuwa tumbo la mtoto wangu. Nimemlea, namjua." Nikakaza macho barabarani. Akasema alinichagua mimi kwa sababu naliogopa gari langu, kwa hiyo naendesha polepole, na yeye leo anaogopa. Akanishika mkono, akauachia pale tu muuguzi alipokuja kumchukua.

Nilikaa kwenye korido. Shemeji akakaa kando yangu. Hatukutupiana neno baya hata moja.

Upasuaji umekwenda salama. Amelazwa, jicho limefungwa, kidoleni kabanwa kidude chenye taa. Muuguzi akasema kinapima oksijeni. Kikalia! Nikamwambia akae pembeni, nina uzoefu, na kwa kawaida huwa ziko mbili. Nilikuwa nimeshachomoa waya walipofika walinzi.

Nje kuna bustani nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Mama karudi nyumbani, anaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati, na analisema. Kaletwa na shemeji. Mimi nimepigwa marufuku kuvuka geti la hospitali. Wivu wa kitaaluma.

Jioni shemeji kanijia kwa unyenyekevu. Breki zake zinalia tangu ateremke ule mlima, na fundi kafunga. Nimemwambia aniachie funguo. Magurudumu yako manne, linalolia ni moja. Nitaanza na yale matatu mazima.