Sahani Mbili na Tausi Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1952, Kabambare

Imefika barua ya serikali. Bwana mkubwa amenipa niiandike kwa Kiswahili na kuibandika barazani. Inasema kuna ndege wa msituni, Wazungu wanamwita tausi wa Kongo. Nchi nyingine yoyote duniani hayupo, na hapa kwetu anapungua. Marufuku kumuua, marufuku kula mayai yake. Tena kuna Bwana mtaalamu anayepita kila posti ya serikali kuuliza ndege huyo amebaki wapi. Hapa anafika tarehe 20. Msitu ambamo ataonyeshwa ndege hai utalindwa, mbegu isipotee.

Nilibandika. Nikasoma tena. Loo, mayele, akili ya ujanja, ikanijia! Karani atakayemkabidhi mtaalamu ndege huyo akipumua, nani atamnyima karti ya heshima, ile serikali inayompa Mwafrika aliyestaarabika? Hakuna! Célestin, anfirmye, muuguzi wa dispanseri, anayo karti hiyo tangu Noeli. Anaiweka mfukoni mwa shati, nusu nje, ili sisi wengine tuone.

Mimi walinikatalia. Wajumbe wa serikali walikuja nyumbani kuangalia ninavyoishi, wakaona kitambaa cha meza, uma mbili, sahani mbili. Wakauliza mke yuko wapi. Nikasema yuko sokoni. Wakangoja masaa matatu! Sidonie yuko kwao Wamaza tangu Januari, baada ya ule mpango wangu wa kufuga nyuki chumbani. Juu ya nyuki siandiki zaidi.

Jioni nimekula bugali peke yangu. Sahani ya pili nimeiweka mezani hata hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemwendea Ramazani, mwindaji anayekaa kando ya msitu. Nikamsomea barua kwa sauti ya ofisi. Alicheka mpaka akakaa chini. Eti hao ni kuku ya pori tu, iko nyama tamu, babu zake waliwala sana. Halafu akaacha kucheka. Alisema ni kweli wamekuwa haba, na yeye hajamwona hata mmoja tangu mvua za mwaka jana.

Nimemuahidi koti langu la mvua akiniletea mume na mke, wazima. Mvua inanyesha kila siku. Si neno.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Amemleta! Dume moja. Mgongo wa buluu, shingo nyekundu, na kichwani nywele nyeupe zimesimama wima. Mzuri ajabu. Nikauliza jike. Ramazani alisema jike alimponyoka. Alisema hawa hutembea wawili wawili, mume akiita mke anaitikia, na kwamba nimefanya vibaya kuwatenganisha. Mimi! Aliyetega si yeye? Akachukua koti langu lote, si nusu, akaenda zake.

Ndege nimemweka jikoni kwa Sidonie. Hakuna anayepika humo siku hizi. Nimempa jina la Monsieur, yaani Bwana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Monsieur anaita kila alfajiri. Go-wee! Kisha ananyamaza, anainua kichwa, anangoja. Kimya. Go-wee! Anangoja tena. Sipati usingizi.

Leo nimemjibu. Go-wa! Nilitaka anyamaze tu, basi. Akasogea mpaka kwenye fito za mlango, akaniangalia. Akaita, nikajibu. Tumeitikiana mpaka kengele ya kazi. Kumbe Célestin alisimama nje ya ua muda wote! Alisema sasa posti nzima itajua kwamba Karani Dominique amepata mke mpya. Mshenzi yule! Iko siku yake.

Lakini niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji. Tangu Januari ni mara ya kwanza kuitikiwa ndani ya nyumba hii.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mpango umekamilika. Monsieur siwezi kumwacha hapa, Célestin atamtoa kwa mtaalamu kwa jina lake. Basi nakwenda naye Wamaza. Sidonie atamwona, atajua mume wake ni mtu wa maana, atarudi nami. Tarehe 20 mtaalamu atakuta ndege jikoni, mke mezani, sahani mbili zimejaa. Nani atanikatalia?

Nimepata kikapu kizuri cha kuku chenye kifuniko. Lori la pamba linaondoka kesho.

Jumapili, tarehe 16 Machi, Wamaza

Niandike polepole.

Nilifika saa sita. Uani yuko mama mkwe peke yake, Sidonie na baba yake Marcellin wako shambani. Kwetu mume hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi. Mkikutana, unampisha. Basi nikatua kikapu, nikageuza uso, nikajitupa ndani ya mihogo, kama mtu mwenye adabu.

Mama mkwe akafunua kikapu. Vigelegele! Akaita majirani waje kuona jogoo wa mapatano. Ee Mungu wangu. Mwanamume aliyekimbiwa na mke huwapelekea wakwe jogoo, na jogoo hupikwa siku ileile. Mtoto mdogo anajua! Mimi niliwaza karti tu, nikafika mlangoni kwao na kikapu cha kuku mkononi.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zote. Mama mkwe akawaambia majirani kwamba maskini, mkwe wake kifua kinambana, watie pilipili nyingi kwenye mchuzi.

Neno moja lingemwokoa Monsieur. Lakini kumpigia kelele mama mkwe, tena siku ya mapatano! Sidonie ningempoteza moja kwa moja. Nikakaa katika mihogo, nimeshika mdomo. Nikasikia kisu kinanolewa. Monsieur akaita mara moja. Go-wee! Akangoja.

Sikuitikia.

Jioni wakaniletea firigisi katika sahani yake peke yake. Mkwe akiila, maneno yamekwisha. Akiikataa, amemkataa mke. Sidonie alikaa karibu, amefunga kitambaa kipya, anatabasamu. Nikaila. Machozi yakanitoka. Sidonie akaniuliza polepole, kwa sauti yake ya zamani, kama ninalia kwa ajili yake.

Nilipaswa kusema ndiyo. Ndiyo tu! Badala yake nikamweleza barua yote ya serikali. Nikasema ndege alikuwa wa karti. Nikasema na yeye pia anatakiwa kwa ajili ya karti, kwa sababu ya sahani ya pili. Baba mkwe akaacha kula, akanawa mikono. Sidonie akaingia ndani. Alisema kutoka huko ndani kwamba sahani inaweza kukaa mezani bila yeye.

Alhamisi, tarehe 20 Machi, Kabambare

Mtaalamu amefika. Mzee mpole, viatu vimelowa. Aliniuliza mimi, karani, kama tausi bado yuko msitu huu. Manyoya ya Monsieur, niliyookota uani Wamaza, yalikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya meza, karibu na goti la mzee huyo. Nikasema hapana. Sijamwona hata siku moja.

Akafungua ramani, akapiga mstari juu ya msitu wetu. Alisema ni huzuni, alitumaini sana upande huu. Kisha akauliza kama kuna mtu hapa anayejua sauti yake. Nikasema hakuna. Kesho anakwenda Kasongo.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Célestin amerudi kutoka kuchanja watu Wamaza. Ameniletea neno la Sidonie. Anasema nikimtaka kweli nije mikono mitupu, bila mpango wowote, nikae chini, niseme nilichonacho moyoni. Célestin hakunicheka safari hii. Hata karti alikuwa ameizamisha mfukoni. Sikupenda.

Mikono mitupu! Mimi najua wanawake. Mwanamke akisema hivyo, maana yake jogoo yule alikuwa mdogo.

Halafu akapita Ramazani, ndani ya koti langu. Alisema yule jike bado yupo kando ya kijito, anaita kila alfajiri, hajibiwi. Alisema tumwache. Nikaruka juu! Jike! Kwa nini sikufikiri mapema? Nitamkamata, nitampitisha Wamaza Sidonie amwone, kisha nitamfuata mtaalamu Kasongo. Kwenye kifuniko nitabandika karatasi: HALIWI. Mama mkwe hajui kusoma, kwa hiyo nitaandika kwa herufi kubwa.

Ramazani amekataa kunisaidia. Si lazima. Alfajiri nitajificha kando ya kijito nimwite kwa sauti ya mume wake. Jioni hii nimejaribu jikoni, pale mlangoni penye fito. Go-wee! Nikanyamaza, nikangoja kidogo. Sauti ni ileile kabisa.